Soko Kuu la Bujumbura

Soko Kuu la mjini kati liliteketea asubuhi ya Jumapili, tarehe 27 Januari 2013. Rwanda ilileta helikopta kusaidia kuuzima moto, walakini mali ilikwisha kuwa majivu. Katika vita vilivyoanza mwaka 1993 mitaa mingi iligawanyika, Wahutu huku na Watutsi kule. Sokoni watu waliendelea kuuziana na kukopeshana, na wa Buyenzi pamoja nao. Basi daftari la deni likaungua pamoja na kibanda, mkopo wa benki ukabaki shingoni. Aliyedai hana hati, anayedaiwa hana kitu. Hapo ndipo amana ya mtu hupimwa, kuliko katika safu za msikitini. Wengi walihamia masoko ya Buyenzi na Ngagara, wakaanza upya kwa fungu la nyanya.