Kwanza Ridhaa ya Mwenye Mwili



Agosti 1947, mjini Nuremberg, mahakimu wa Kimarekani waliwatia hatiani washtakiwa 16, wengi wao madaktari, katika kesi ya majaribio ya kikatili waliyofanyiwa wafungwa. Wakatamka kwamba pasipo ridhaa ya hiari, jaribio ni haramu.

Lakini tangu 1932, huko Tuskegee, Alabama, Idara ya Afya ya Marekani hiyo hiyo iliwachunguza Weusi 399 wenye kaswende, ikiwadanganya kwamba inawatibu “damu mbaya”. Penisilini ilipopatikana, wakanyimwa. Dhuluma ilikoma 1972, magazeti yalipoifichua.

Nyani haoni kundule. Waliotenda hayo walikuwa watumishi wa umma, kama sisi. Basi tusiulize tu, “Amri imetoka wapi?” Tuulize, “Mwenye mwili ameelezwa, naye ameridhia?”