Kukazwa Ngozi Bila Kisu

Ndugu msikilizaji, lipo tangazo moja linalozidi kuenea katika miji yetu mikubwa. Linasema kwamba uso uliolegea, shingo iliyokunjamana na tumbo lililolegea baada ya uzazi vyote hukazwa bila kisu na bila kulazwa. Mtu huingia asubuhi akatoka mchana. Wengi mmeniuliza: ni kweli au ni ulaghai? Nami najibu kwamba kweli ipo, ila ni ndogo kuliko tangazo.

Tuanze na ngozi yenyewe. Chini ya tabaka la juu limo tabaka jingine lililofumwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Umri unaposonga, mwili hutengeneza nyuzi chache. Jua kali na sigara nazo huziharibu zilizopo, na ngozi ikalegea kama hema lililokatwa kamba.

Mashine hizi hufanya kazi kwa joto. Aina moja hutumia mawimbi ya redio, jamaa ya haya yanayowaletea sauti yangu. Marekani iliruhusu mashine ya mwanzo ya aina hiyo mwaka 2002, kwa makunyanzi ya kuzunguka macho. Aina ya pili hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika, jamaa ya yale anayopimiwa mama mjamzito. Hiyo iliruhusiwa huko mwaka 2009, kwa kuinua nyusi.

Zote mbili hupasha ndani ya ngozi joto la yapata nyuzi 60, huku ngozi ya juu ikinusuriwa. Nyuzi zile zikipata joto hujikunja, kama nyama kikaangoni. Kisha mwili, ukiona umejeruhiwa, hufuma nyuzi mpya, na kazi hiyo huchukua miezi 3 hadi 6. Basi anayekuahidi uso mpya kesho asubuhi anakuuzia maneno. Tena ngozi iliyolegea kidogo ndiyo hukazika, nayo hukazika kwa kiasi. Iliyoning'inia sana ni kazi ya mpasuaji.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Joto linalokaza ndilo hilo hilo linalounguza. Oktoba 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya mashine za mawimbi ya redio zinazotumia sindano ndogo ndogo. Ilikuwa imepokea taarifa za watu walioungua, walioachwa na makovu, waliopoteza mafuta ya chini ya ngozi na walioumia mishipa ya fahamu. Wapo waliohitaji upasuaji ili kurekebishwa. Walikikimbia kisu wakakikuta mbele yao. Hiyo ndiyo wahenga waliita kuruka majivu na kukanyaga moto.

Kwetu sisi watu weusi liko la ziada. Mawimbi ya redio na ya sauti hayachagui sana rangi. Lakini ziko mashine za mwanga, zikiwemo za leza, ambazo mwanga wake hunaswa na weusi wa ngozi. Fundi asiyejua akiiweka kwa nguvu ya kumfaa Mzungu, wewe utaungua. Na ngozi yetu ikiungua, ni rahisi kuachwa na baka jeusi au kovu lililovimba.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, uliza. Mashine hii ni ya aina gani, na imeruhusiwa kwa kazi hii? Anayeishika ni daktari, au ni nani, na amefunzwa wapi? Amewahi kuhudumia ngozi kama yangu? Na nikiungua, nani atanitibu, kwa gharama ya nani? Asiye na jibu la swali hilo la mwisho, mwage hapo hapo. Mjamzito, na mwenye kifaa cha umeme cha kuendesha moyo, asikaribie mawimbi ya redio.

Sisemi watu wasijipambe. Kujipenda si dhambi, na fedha ni yako. Ila kivuli, mtandio, kofia na kuacha sigara huilinda ngozi kwa gharama ndogo, wala havimwunguzi mtu. Anayetaka zaidi ya hayo aende kwa daktari wa ngozi, aende akiwa na maswali yake mkononi, na asione haya kuondoka bila kulipa.

Hadi wiki ijayo, nawatakia afya njema.