Makabwela wa Roma Walipouhama Mji

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Nimeombwa niseme habari za Warumi wa kale. Najua wapo wanaojiuliza, Roma yatuhusu nini? Nisikilizeni kidogo.

Warumi wenyewe husema walimfukuza mfalme wao wa mwisho mwaka 509 Kabla ya Kristo. Watu wakashangilia. Lakini amri ilitoka kwa mtu mmoja ikaingia mikononi mwa koo chache zilizoitwa patrisia. Hao ndio walioshika utawala, ndio makuhani, ndio waamuzi. Na sheria ilikuwa vichwani mwao, haikuandikwa popote. Waliobaki wote, mkulima, mhunzi, mchuuzi, hata tajiri asiye wa koo zile, waliitwa plebi.

Mkulima wa plebi aliitwa vitani na silaha zake mwenyewe. Akirudi hukuta shamba limeota magugu au limechomwa, basi hukopa. Asipolipa, mdai humfunga na kumtumikisha. Livy, mwandishi wa historia yao, anasimulia askari mzee aliyetokea uwanjani mwaka 495 K.K. Kifuani alikuwa na makovu ya vita; mgongoni alama mbichi za viboko vya mdai wake. Livy aliandika baada ya miaka mingi sana, kwa hiyo siwaambii mliapie kila neno lake. Lakini deni lile lilikuwa kweli.

Mwaka uliofuata plebi hawakuchoma nyumba wala hawakumwua mtu. Walitoka mjini, wakaenda Mlima Mtakatifu, mwendo wa maili tatu hivi, wakapiga kambi, wakakaa kimya. Mabwana wakabaki na mji usio na askari wala mlimaji. Wakamtuma Menenius Agrippa, naye akawapa hadithi: viungo viligoma kulilisha tumbo, mwisho vikadhoofika vyenyewe. Hadithi tamu, ila ilisimuliwa kwa niaba ya tumbo! Plebi walirudi kwa mapatano. Walipata Watetezi wao wenyewe, waliochaguliwa na plebi peke yao. Mtu akimgusa Mtetezi kwa ubaya, amelaaniwa. Naye Mtetezi akisema "Nakataza," amri ya mkubwa husimama.

Mengine yalikuja polepole. Sheria ziliandikwa mwaka 451 na 450, na humo humo ndoa ya patrisia na plebi ikapigwa marufuku, mpaka Mtetezi Canuleius alipoiondoa marufuku hiyo mwaka 445. Mplebi wa kwanza kuingia katika cheo cha konsuli kwa sheria mpya aliingia mwaka 366. Kufungwa kwa deni kulikomeshwa mwaka 326. Mwaka 287, baada ya plebi kuuhama mji tena, maamuzi yao yakawa sheria kwa Warumi wote. Hesabuni wenyewe: miaka 207 tangu Mlima Mtakatifu.

Na kura je? Katika mkutano wa kuwachagua makonsuli watu waligawanywa vikundi 193, kila kikundi kura moja. Wapanda farasi na matajiri wa daraja la kwanza walikuwa na 98. Wasio na kitu, ijapokuwa walikuwa wengi, walisongamanishwa katika kikundi kimoja. Kura zilianza juu. Hao 98 wakipatana, wa chini hata hawakuitwa.

Tena plebi matajiri, walipokwisha kuonja ukonsuli, walioana na patrisia na kukaa nao Senetini. Wakasahau njia ya mlimani. Mtumwa ndiye hakutajwa kabisa katika mapatano yale.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa yangu inakwisha. Nilitaka kufika kwa Tiberius Gracchus, Mtetezi aliyetaka kuwagawia maskini ardhi ya umma. Mwaka 133 K.K. maseneta na wafuasi wao walimpiga kwa miguu ya mabenchi mpaka akafa, pamoja na watu wake zaidi ya 300, na maiti yake wakaitupa mtoni. Alikuwa bado Mtetezi siku ile. Habari yake nitaieleza mkutano ujao, mkiniruhusu.