Maumivu ya Mgongo: Mazoezi kwa Msaada wa Simu



Maumivu ya kiuno hayachagui kazi. Mchuma majani chai huyapata, mwendesha bodaboda huyapata, na karani anayeketi ofisini mchana kutwa huyapata. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 619 waliishi nayo mwaka 2020. Ndiyo sababu kuu ya ulemavu duniani.

Wengi wakiumwa hulala, humeza tembe au hufunga mshipi kiunoni. Kulala siku nyingi hudhoofisha misuli. Tembe za maumivu zikimezwa kila siku zinaweza kudhuru tumbo na figo. Mwongozo wa shirika hilo wa Desemba 2023 haupendekezi mshipi kwa maumivu ya muda mrefu. Unapendekeza mazoezi na elimu ya kujitunza.

Hapo simu inaweza kusaidia. Programu nzuri humwonyesha mtu zoezi kwa video, humkumbusha saa yake na kuongeza kazi kidogo kidogo. Nchini Ujerumani, tangu mwaka 2020, daktari anaweza kumwandikia mgonjwa programu kama anavyoandika dawa, na bima ikalipa.

Anayechagua programu aangalie kama imetengenezwa na wataalamu wa fiziotherapia. Asome pia habari zake zitatumiwaje. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kujua. Mkeka na dakika 15 kwa siku vinatosha kuanza: kulala chali na kuinua kiuno, kisha kutembea. Kuumwa kidogo ni kawaida. Maumivu yakizidi hadi kesho yake, apunguze. Nafuu huchukua wiki kadhaa, basi asiache mapema.

Asiye na simu ya kisasa hajakosa kitu. Mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini humfundisha mazoezi yayo hayo.

Lakini zipo dalili ambazo si za programu. Mwenye ganzi sehemu za siri, anayeshindwa kuzuia mkojo au choo, au ambaye mguu wake unalegea, akimbizwe hospitalini siku hiyo hiyo. Mwenye homa, jasho la usiku au anayekonda bila sababu apimwe upesi, kwa maana kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo pia. Aliyeumia kwa kuanguka au ajali naye apimwe kwanza.