Tulianza bila kujua kitu: maneno kwa vijana wanaotaka kujifunza kuandika programu



Sisi wenye kusema hapa tuko vijana wa Goma. Diploma za iniversite tuko nazo, kazi hatuna. Wengi wetu tulisoma kompyuta kwa ubao: profesa anachora na chaki, sisi tunachora katika kaye, mtihani unapita, alama tunapata. Kuko aliyemaliza miaka yake yote bila kuandika programu hata moja. Tunasema hivi bila haya, juu tunajua humu ndani kuko wengi kama sisi.

Kisha mmoja wetu akalipa dola za mama yake kwa mafunzo ya miezi mitatu. Wiki ya nne alikuta mlango umefungwa. Ile siku tukaambiana: tuanze na kile tuko nacho.

Tulikuwa na nini? Kompyuta moja ya zamani yenye betri iliyokufa, pamoja na simu zetu. Tulichagua lugha ya Python. Guido van Rossum, mtu wa Uholanzi, aliitoa mwaka 1991, na hailipishwi kitu. Hata kwa simu ya Android kuko Pydroid 3 inayoiendesha. Mega tunatumia mara moja kuishusha, nyuma ya hapo tunafanya kazi bila intaneti. Umeme ukikatika, tunaandika katika kaye: mmoja anasoma mstari kwa mstari, mwingine anajifanya mashine.

Programu yetu ya kwanza ilikuwa ya maji. Munajua wenyewe: tunakaa kando ya Ziwa Kivu, lakini maji tunanunua kwa bidoni. Tulitaka mtu aseme bidoni za siku moja, mashine imuambie za mwezi. Tukaandika hivi:

bidoni = input("Bidoni ngapi kwa siku? ")
print(bidoni * 30)

Mama jirani akasema sita. Sisi tulingojea 180. Mashine ikaandika 666666, ikaendelea hivyo mpaka zikafika sita thelathini zimefuatana. Mama akacheka sana: « Batoto, hiyi mashine yenu imekunywa? »

Tulitafuta siku mbili. Mashine haikuwa imekunywa. Kile unaandika kwa kibodi, Python inakipokea kama maandishi, si kama hesabu. Na maandishi ukiyazidisha mara 30, inayarudilia mara 30. Ilifanya kile tulichosema, si kile tulichokuwa nacho kichwani. Dawa yake ni neno moja dogo:

bidoni = int(input("Bidoni ngapi kwa siku? "))

Ikatoa 180. Tukaongeza bei: tuseme franka 200 kwa bidoni, mwezi unakuwa 36 000. Mama hakucheka tena. Akauliza: « Na kwa mwaka? » Mashine ikajibu 432 000. Akanyamaza. Pale tulielewa kwamba haya masomo si mchezo wa wenye pesa. Mtu akiweza kuhesabu mambo yake mwenyewe, hata namna anauliza maswali inabadilika.

Kwa mwenye kuanza, mambo matatu yanatosha kwa miezi ya kwanza. Moja, jina unalopatia kitu ili mashine ikikumbuke, kama vile « bidoni » hapa. Mbili, sharti: kama iko hivi, fanya hivi, kama sivyo, fanya vile. Tatu, kurudilia kazi mara nyingi bila kuiandika upya kila mara. Na kosa likitokea, usikimbie. Mashine ikiandika NameError, haikutukani. Inasema: hili jina silijui, na inakuonyesha mstari. Mara nyingi ni herufi moja umesahau.

Hatutawadanganya. Mistari kumi ya Python haileti kazi kesho. Kati yetu kuko anayeuza unite kando ya barabara mpaka leo, na jioni anakuja kujifunza. Tena hatusemi tuwaachie wakubwa wajibu wao. Shule yenye kompyuta na umeme ni haki, tutaendelea kuidai. Lakini tukiidai, tujifunze pia.

Kwa hiyo tunawaalika mambo matatu.

Kwanza, mjifunze kwa kikundi. Watu wanne kwa simu moja si haya. Kila mmoja aandike kwa zamu, asiwe mmoja tu anayeshika kibodi.

Pili, muchague saa ambayo wadada wanaweza kufika. Sisi tulianza saa kumi na mbili jioni, wadada wote wakapotea, juu ile ni saa ya kupika. Tukasogeza saa nane ya mchana, wakarudi.

Tatu, kabla ya kulipa mafunzo yoyote, muombe kuona programu ambayo wanafunzi waliotangulia wameandika. Kama hakuna hata moja, mubaki na pesa zenu.

Kaye, biki, simu moja: hivyo ndivyo tulianza. Mwenye kuwa navyo aje Jumamosi, hatutamuomba hata franka. Na yule mama wa bidoni anakuja pia. Anataka tumutengenezee hesabu ya makala.