WAJIBU WA WADHAMINI WA MALI YA WATU

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa chama, Karatu)



Nimetakiwa niseme machache juu ya mabaraza ya wadhamini. Wengi wetu tufanyao kazi ya Serikali hapa Karatu na kule juu Ngorongoro tu wajumbe wa baraza fulani: la zahanati, la maji, au la mfuko wa masomo. Twachaguliwa kwa sababu twajua kalamu. Basi yafaa tujiulize kama kalamu hiyo yafanya kazi iliyotakiwa.

Sheria ya kuunganisha wadhamini, Sura ya 318, ambayo asili yake ni ya mwaka 1956, hulipatia baraza lililoandikishwa mhuri wake na uhai usiokoma: mdhamini akifa, baraza halifi. Uandikishaji huo hufanywa na wakala wa Serikali, RITA. Walakini hakuna sheria iwezayo kumfumbua macho mdhamini aliyeyafumba.

Nitasema kosa langu mwenyewe. Nalikuwa katibu wa mfuko mmoja wa kusomesha vijana, ambao jina lake sitalitaja. Kutoka Karatu kwenda Endulen hupita lango la Lodoare, hupanda mpaka ukingo wa kreta, kisha hushuka upande wa pili. Na masika njia huharibika. Kwa ajili hiyo mimi na mwenzangu tulitia sahihi hundi zisizoandikwa kiasi, zitumike tusipokuwapo. Ilipofika siku ya kulipa ada, fedha hazikuwapo. Mzee wetu mweka hazina alikwisha kuzinunulia mabati ya nyumba ya mwalimu. Hakuiba, mabati yalionekana kwa macho. Lakini vijana watatu walirudishwa nyumbani kutoka chuoni, na mmoja wao, binti, hakurudi tena.

Methali yasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo; msomaji ndiye aliyekosekana.

Kwa hiyo natoa shauri hili. Kwanza, mtu asitie sahihi mahali patupu, hata kwa rafiki. Pili, fedha iliyotolewa kwa jambo moja isiguswe kwa jambo jingine, ijapokuwa ni jema, mpaka mtoaji ameulizwa na baraza limeandika. Tatu, mikutano ipokezane, mara Karatu, mara juu. Nne, hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wenye haki, na ifasiriwe kwa Kiiraqw, Kimaasai au Kidatoga. Maana mama asiyefahamu Kiswahili cha ofisini atauliza nini? Wala si jambo geni kuwaketisha wenyeji barazani: Baraza la Wafugaji la Ngorongoro, lililoanzishwa mwaka 1994, lilikuwa na viongozi wa vijiji, wazee wa mila, wanawake na vijana.

Yuko atakayesema kwamba kumwuliza mzee hati za malipo ni kumvunjia heshima. Sivyo. Mzee asiyeulizwa huachwa peke yake siku ya mashaka. Hesabu iliyosomwa mbele ya watu ndiyo ngao yake. Laiti tungalimwuliza mzee wetu mapema, tungalimhifadhi yeye na yule binti pia.

Binti huyo humwona sokoni siku za mnada. Hunipa shikamoo kwa adabu, nami humwitikia marahaba, wala sina neno la kuongeza.

Nimekwisha, Bwana Mwenye Kiti.