Wema wa Shabaha Haufuti Haki ya Mfanyakazi



Katika Wilaya ya Ngara kuna jina lisilosahaulika: Benaco. Jina hilo si la Kihangaza wala la Kishubi. Ni jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake hapo Kasulo. Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, katika muda wa saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Miongoni mwao walikuwamo raia wasio na hatia, na walikuwamo pia watu walioshiriki katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kabla ya hapo, tangu Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa mwezi Oktoba, 1993, Warundi nao walikuwa wakikimbilia Tanzania, na baadaye baadhi yao wakawekwa katika kambi ya Kitali.

Habari za wakimbizi hao zimeandikwa sana. Jambo lisilozungumzwa vya kutosha ni habari za watu waliofanya kazi ya kuwahudumia. Nyuma ya kila gunia la mahindi lililogawiwa kulikuwa na karani wa ghala, dereva, mlinzi, muuguzi na mkalimani. Wengi wao walikuwa wananchi wa Kagera na mikoa ya jirani. Walikuwa wafanyakazi, na kama wafanyakazi wengine wote, walikuwa na manung'uniko.

Manung'uniko hayo yanafaa kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu yalitoka mahali ambapo mtu hategemei kuyasikia. Mfanyakazi wa kiwanda akilalamika, watu huelewa: mwenye kiwanda anatafuta faida. Lakini shirika la misaada halitafuti faida. Shabaha yake ni kuokoa maisha. Basi inakuwaje wafanyakazi wake wanung'unike?

Sababu ya kwanza ni mkataba. Fedha za mashirika hayo hutoka kwa wafadhili walio mbali, na hutolewa kwa muda maalumu. Kwa hiyo mkataba wa mfanyakazi nao hukatwa kwa kipimo hicho hicho: miezi mitatu, miezi sita, au mwaka mmoja. Mtu anayeishi hivyo hawezi kupanga ujenzi wa nyumba wala ada ya mtoto. Isitoshe, hawezi kumwambia mkubwa wake ukweli, kwa sababu mkubwa huyo ndiye atakayeamua kama mkataba utaendelea.

Sababu ya pili ni pengo. Katika kambi moja walikuwamo watu wa namna tatu waliofanya kazi bega kwa bega. Alikuwapo mtaalamu wa kigeni, mwenye mshahara wa kwao, nyumba na gari. Alikuwapo Mtanzania, aliyelipwa vizuri akilinganishwa na mtumishi wa Serikali, lakini kidogo akilinganishwa na mgeni huyo. Halafu alikuwapo mkimbizi aliyefundisha watoto au kuhudumia wagonjwa kambini, ambaye hakupewa mshahara bali posho ndogo ya kumtia moyo. Tofauti ya ujuzi huweza kueleza sehemu ya pengo hilo, lakini haiwezi kulieleza lote. Inapotokea kwamba mwenyeji anayeijua lugha na nchi ndiye anayemfundisha kazi mgeni anayekuja kumwongoza, hapana budi maswali yazuke.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ni matumizi ya shabaha njema kama kifuniko cha chungu. Mfanyakazi anapouliza juu ya saa za ziada, huambiwa: "Watu wanakufa, wewe unauliza saa?" Anapouliza juu ya likizo, huulizwa kama hana huruma. Maneno hayo walimu wanayafahamu vizuri, maana nao wameambiwa kwa miaka mingi kwamba ualimu ni wito. Ni kweli kwamba ualimu ni wito, na uuguzi ni wito. Lakini wito ni sababu ya mtu kuipenda kazi yake. Haukuwa kamwe sababu ya mwajiri kutomlipa haki yake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba huuona mwepesi.

Sababu ya nne haihusu fedha hata kidogo. Mwezi Juni, 1994, lilipofanywa jaribio la kumwondoa Benaco Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa kiongozi wa Murambi nchini Rwanda, umati wa maelfu ya wakimbizi uliwatisha watumishi wa misaada, nao wakalazimika kuondoka kambini kwa muda. Gatete huyo alikuja kupatikana na hatia ya mauaji ya kimbari katika Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha, na mwaka 2012 rufaa yake iliishia katika kifungo cha miaka 40. Hebu afikiriwe karani aliyekuwa akigawa chakula katika kambi ya namna hiyo. Alijua, au alishuku, kwamba sehemu ya chakula hicho ilikuwa ikiwatia nguvu wauaji. Kuelekea mwisho wa mwaka 1994, tawi la Ufaransa la shirika la Médecins Sans Frontières liliamua kujitoa katika kambi za Wanyarwanda za Zaire na Tanzania kwa sababu hiyo. Matawi mengine ya shirika hilo yalibaki kwa muda, yakiamini kwamba wagonjwa wasio na hatia hawawezi kuachwa. Watu waungwana walitofautiana. Jambo la kukumbuka ni kwamba viongozi wa mashirika waliweza kujadiliana na kuamua kubaki au kuondoka. Karani na dereva, wenye dhamiri kama wao, hawakuwa na baraza kama hilo.

Ndugu Watumishi,

Matokeo ya mambo haya hayakuishia kambini. Katika miaka hiyo ya 1990 mishahara ya Serikali ilikuwa duni mno. Walimu waliacha madarasa, na waganga na wauguzi wakaacha zahanati za vijiji, wakaenda kutafuta kazi kwenye mashirika. Mwalimu mzoefu akawa mwandikishaji wa wakimbizi. Ni vigumu kumlaumu mtu aliyefuata chakula cha watoto wake. Lakini mwezi Desemba, 1996, Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi huo. Katika wiki chache karibu watu nusu milioni walivuka mpaka. Kambi zikawa mahame, na ajira nyingi zikatoweka pamoja nazo. Kambi ya Warundi ya Lukole iliendelea, nayo ikafungwa zaidi ya miaka kumi baadaye. Kila kambi ilipofungwa, yuko aliyerudi nyumbani bila kazi ya zamani wala ya mpya.

Nchi hii haikuanza jana kujifunza somo hili. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea majivuno na ubabe wa viongozi, na katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliutumia kuwahoji mameneja wao. Leo iko Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo imeweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki, imetaka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, imetaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa na kushauriana nao kwanza, na imelinda haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Mwenye mgogoro anaweza kwenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hakuna kifungu kinachosema kwamba mwajiri mwenye huruma amesamehewa.

Mfanyakazi naye ana wajibu wake. Dawa iliyoibwa ghalani ni dawa ya mtoto wa mtu. Anayetaka mkataba wake uheshimiwe hana budi kuiheshimu kazi aliyoandikiwa. Na yule anayesema "mtumikie kafiri upate mradi wako" akumbuke kwamba anayehudumiwa hapo ni mtu mwenye shida, na mtu huyo hana mahali pengine pa kwenda.

Lakini wajibu mkubwa uko kwa wanaoongoza. Shirika linaloitisha kikao cha wafanyakazi na kusikiliza, linalowaeleza mapema fedha zitakwisha lini, na linaloweka kipimo cha mishahara kinachoweza kuelezwa hadharani, halipotezi kitu katika shabaha yake. Linaipatia watu wa kuitimiza. Hata shule na ofisi za Serikali ziko chini ya kipimo hicho hicho. Huruma inayotolewa kwa mgeni aliye langoni, ikamruka mtumishi aliye ndani, ina kasoro, na wa kwanza kuiona kasoro hiyo ni mtumishi huyo.